Mama Atakuja na Magome

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi kutoka shule amelowa chapachapa, akavua viatu vyake vipya vya ngozi na kuviegemeza karibu na jiko vikauke. Mimi nilikuwa chumbani. Harufu iliponifikia nilikaa kitandani, na mikono yangu ikaanza kutafuta kitu cha kushika. Wenzangu mliokulia Njombe wakati wa Mwingereza mnaijua harufu hiyo. Ngozi ikilowa kisha ikapata joto hurudisha puani kile kilichoitengeneza, yaani magome ya miwati, miti ile ya Kampuni. Mjukuu akachungulia mlangoni akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, akaviondoe tu viatu jikoni kabla havijapasuka. Sikumwambia zaidi ya hapo. Watoto wa siku hizi ukiwaanzishia habari za zamani wanakutazama kwa heshima, na heshima yenyewe inachosha. Kwa hiyo nawaambia ninyi.

Wakubwa wakisimulia historia ya ile Kampuni huanza na mabwana waliokuja na ramani na minyororo ya kupimia ardhi. Mimi mabwana hao sikuwaona. Najua kwamba tuliiita Kampuni tu, kana kwamba hapakuwa na nyingine duniani, na kwamba kwetu Matembwe ilianza kwa mbegu. Mbegu zenyewe zilikuwa nyeusi, ndogo, ngumu kama changarawe, na aliyezileta aliwaambia watu wazimwagie maji ya moto kabla ya kuzipanda. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nani amewahi kuchemsha mbegu kisha akaitegemea iote? Wengi walizitupa. Mama yangu hakucheka. Alichemsha maji, akazimwagia, akazilaza humo usiku kucha, kisha akaenda kuzipanda kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mimi nikiwa mgongoni. Mvua zilipokolea, mteremko wetu ukawa kijani, na waliocheka wakaja kuomba mbegu. Kwa hiyo miti ile na mimi tulikuwa rika moja, na mama alizoea kutupima pamoja. Kila mwaka miti ilinishinda.

Kampuni nayo ikakua. Huko Njombe walifyeka vilima wakapanda miwati ambayo jicho halikufika mwisho wake, wakaleta vibarua kutoka Makete na Upangwa, kisha wakajenga kiwanda chenye bomba refu. Magome yaliingia kwa mlango mmoja, yakakatwakatwa na kuchemshwa, na kwa mlango wa pili ikatoka rojo nyekundu nzito iliyomiminwa ndani ya magunia ingali moto. Ikipoa huganda ikawa ngumu na kung'aa, mfano wa sukari guru iliyoungua. Ndiyo dawa iliyokwenda kutengenezea ngozi nchi za watu. Baba yangu alianza kwa kubambua magome, akawa mtu wa mizani, na Kampuni ilipofungua bohari Makambako, njia panda pale, wakampa yeye funguo. Magunia ya dawa yalishuka kutoka Njombe yakasubiri malori ya safari ndefu. Malori hayo nayo yalileta vitu vya kwenda Njombe: mablanketi, majembe, mapanga, chumvi, mafuta ya taa, na unga wa posho ya vibarua.

Baba alipohamishwa, mama alisema yeye atabaki kwanza. Miti ilikuwa imefika umri wa kuvunwa kwa mara ya kwanza. Na mwati hauvuliwi gome wakati wowote upendao wewe. Kiangazi gome hung'ang'ania mti kama limegundishwa; ni mpaka mvua ziloweshe ardhi na utomvu upande, hapo ndipo ukitia panga chini na kuvuta, gome linaachia lote kwa mara moja, kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Mama alichutama mbele yangu, akanifunga kitambaa kichwani, akasema, "Twilumba, nenda na baba yako. Mwanamume akiachwa peke yake anakula mahindi ya kuchoma asubuhi mpaka jioni. Mvua zikianza tutabambua, tukishauza nitakuja. Nitakuja na lori la magome, umesikia?" Nikasema nimesikia. Sababu ya kweli ya kuniondoa niliijua ukubwani. Alikuwa mjamzito, mimba zake mbili za nyuma zilikuwa zimemtesa, na hakutaka mtoto wa umri wangu ashuhudie. Mimi niliona tu kwamba amenenepa, nikafurahi.

Makambako ya leo msiitie akilini. Palikuwa na barabara, maduka machache ya mabati, bohari yetu, na upepo. Upepo wa Makambako hauna adabu; unaingia bila hodi na haukai chini. Usiku ulipiga mabati ya bohari hata nikadhani kuna watu wanatembea juu yake na viatu vya chuma. Chumba chetu kilikuwa ubavuni mwa bohari, na ndani ya uzio ule mtoto nilikuwa peke yangu. Baba alitoka alfajiri kufungua milango na kurudi jioni ananuka mafuta ya taa. Hakuwa mtu wa maneno. Tulikula, tukasali, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, tukalala. Kuna siku nilijikuta sijasema neno tangu asubuhi, nikajaribu kusema "Kamwene" kwa sauti, kama vile kuna mtu ninayemsalimu, ili nijue kama koo bado linafanya kazi.

Mtu mwingine niliyemwona kila siku alikuwa mama mmoja mnene aliyewapikia madereva kando ya uzio. Kwao ni Wanging'ombe, na kwa hiyo madereva walimwita Mama Wanging'ombe, kana kwamba ameizaa wilaya nzima. Alikuwa mkali. Ukisogelea sufuria zake alikuuliza kama umeleta kuni. Na kulikuwa na Mgaya, dereva wa Kampuni aliyeleta magunia kutoka kiwandani, mtu mfupi aliyekalia mto ili auone usukani vizuri. Kila lori lake lilipoingia nilisimama mlangoni mwa bohari.

Mvua zilipoanza, mimi nilianza kazi. Nilijua mama anabambua, na nilijua magome yanakwenda kiwandani na kutoka humo yakiwa dawa. Kwa hesabu yangu, basi, siku moja gunia la miti yetu lingefika, na nyuma yake mama. Wapakuzi walipomaliza kupanga magunia nilipita nikiyanusa moja moja. Nilitafuta harufu ya nyumbani. Yote yalinuka sawa, ukali unaokausha ulimi hata kabla hujaonja, lakini sikukata tamaa. Mgaya aliniona.

"Karani," akasema, "unakagua mzigo wangu?"

"Natafuta ya kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Matembwe. Ya mama yangu."

Wapakuzi wakacheka. Mgaya hakucheka. Alitembea kati ya magunia kwa makini, akapiga moja kwa kiganja, akalisikiliza, akapiga jingine. "Hili hapa," akasema. "Nilipita Matembwe mwenyewe kubeba magome yake." Sikujua kwamba kiwandani magome ya vijiji vyote huchanganywa pamoja. Nilivuta kipande cha blanketi nikakaa nimeegemea gunia lile mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Makambako sikusikia upepo. Baba alikuja kunichukua, akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia mama amekaribia. Akatabasamu. Tabasamu hilo nalikumbuka kwa sababu sikuliona tena kwa muda mrefu sana.

Hapa lazima niwaeleze jambo la chawa. Mapema msimu ule vibarua wapya walipita Makambako wakitokea Ipelele na vijiji vya juu huko Makete, wakiwa wamejifunika mablanketi yao, na msimamizi mzungu akaona chawa. Ikatoka amri ya Kampuni: wote wanyolewe kabla ya kupanda lori. Waliketishwa kwenye benchi mbele ya bohari, wembe ukapita, upepo ukachukua nywele zikaenda kunasa kwenye uzio. Watu wazima wale walikuwa wanatazama chini. Mmoja alinong'ona kwa Kikinga, lugha ya kwao, na mwenzake akamjibu kwa Kiswahili ili baba asikie, "Nani amekufa hapa?" Baba akajibu, "Hakuna aliyekufa, bwana. Ni Kampuni tu." Hilo lilinikaa kichwani: kumbe Kampuni ikitaka, inakunyoa.

Baada ya hapo mvua zilizidi na barabara ya Njombe ikawa tope. Malori yalikaa siku nyingi bila kuonekana. Lori la Mgaya lilipoingia hatimaye lilikuwa limepakwa matope hadi juu ya turubai, na yeye hakuniita karani. Alimshika baba mkono bila kuuachia, akampeleka nyuma ya lori. Niliona miguu yao tu chini ya bodi. Miguu ya Mgaya ilikuwa inasogea kidogo kidogo, kama ya mtu anayetafuta pa kusimama. Ya baba haikusogea kabisa. Kisha baba alikuja akakaa kwenye jukwaa la mizani kubwa, mahali ambapo alikuwa akinikataza kukaa, na mkono wa mizani ukapanda kuonyesha uzito wake.

Ninyi mnaosoma mmeshajua. Kila mtu pale uani alishajua kabla jua halijageuka. Mimi ndiye niliyeambiwa kwamba baba ameitwa kiwandani kwa kazi ya Kampuni, kwamba nitalala kwa Mama Wanging'ombe, na kwamba nisiwe msumbufu. Baba alipanda lori lile lile likirudi. Kwa Mama Wanging'ombe nilitegemea kuchota maji na kuokota kuni. Badala yake alinipa kipande cha nyama kutoka sufuria ya madereva, akanilaza ubavuni mwake, na usiku mkono wake mzito ulikuwa juu ya mgongo wangu. Nilidhani amepatwa na ugonjwa.

Baba alirudi na kipara. Alikuwa amekonda uso, na masikio yake yalionekana makubwa. Hakuniambia habari za kiwandani. Alichemsha maji, akatoa kigoda nje, akaninyoa. Ndiyo, kunyolewa kwa msiba nilikuwa nimekuona kwetu, babu alipofariki: watu wamejaa uani, wanawake wanalia, mashangazi wanapokezana wembe, watoto tumepangwa foleni. Mchungaji alikuwa amesema desturi hiyo tuiache, na watu walimwitikia amina, kisha wembe ukaendelea. Lakini hapa hapakuwa na watu wala kilio. Palikuwa na baba, mimi, na upepo.

"Ni chawa, baba?" nilimuuliza.

Aliinamisha kichwa changu mbele. "Tulia nisikukate."

"Na wewe wamekunyoa kiwandani?"

"Tulia, Twilumba."

Nikatulia. Nilielewa kwamba Kampuni imekuta chawa kwetu na baba anaona aibu. Nilimwonea huruma, nikaahidi moyoni kutomuuliza tena. Katika ukoo wetu baba hamwambii mtoto kifo cha mama yake. Kazi hiyo ni ya shangazi, dada yake baba, na shangazi asingeweza kufika mpaka barabara zikauke. Baba aliishika desturi. Pia nadhani, kwa kuwa sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye siku ile, kwamba alishukuru desturi hiyo ipo, maana kinywa chake kisingeweza.

Basi nikawa mtoto mwenye kipara katikati ya watu wazima waliojua kusoma kichwa changu. Mwenye duka mmoja Mhindi aliniita akaniwekea sukari mkononi, akageuka kupanga makopo yake. Vibarua waliopita waliacha kuongea walipofika karibu nami. Mgaya aliniletea muwa kutoka mbali, na nilipokwenda kunusa magunia alitoka nje. Nilijua wananihurumia kwa jinsi nilivyo mbaya. Nilijitazama kwenye maji ya pipa nikawaona wana haki. Kichwa changu kilikuwa kirefu kwa nyuma, na mama alizoea kuniambia nywele zangu ndizo zinazokificha.

Hapo ndipo hofu ikaingia. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, ubambuaji ulikuwa unaisha, na mama alikuwa anakuja. Angeteremka kwenye lori na kukuta mtoto mwenye kipara cha chawa. Angemgombeza baba. Au angeniangalia kama wale wengine walivyoniangalia, kisha anyamaze, na hilo nisingelivumilia. Kwa hiyo baba alipomaliza ubeti wake usiku, nami nilisali yangu kimya kimya chini ya blanketi: Mungu, mama asije kwanza. Mcheleweshe mpaka nywele ziote. Kila asubuhi nilijipima kwa vidole. Kwanza hapakuwa na cha kushika. Baadaye kukawa na ukwaruzo, baadaye kitu laini, kisha siku moja niliweza kukibana kwa ncha za vidole nikafurahi. Upweke ule ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo, maana sasa nilikuwa namngoja mtu na kumzuia njiani, na sikuwa na wa kumweleza.

Barabara zikakauka. Asubuhi moja yenye baridi na ukungu lori la Mgaya liliingia, na kando yake kwenye kiti cha mbele alikaa mwanamke. Alipoteremka niliona blanketi la kijivu mabegani, kitambaa kichwani, na mkononi kikapu cha mama. Kikapu kile nilikijua. Upande mmoja mama alikishona kwa kamba ya mkonge baada ya panya kukitoboa. Nilishika kichwa changu. Nywele zilikuwa bado. Nilikimbilia ndani ya bohari, nikajipenyeza kati ya magunia mpaka ukutani, nikafunga macho.

Nilisikia baba akiniita. Nikasikia Mama Wanging'ombe akisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwacheni, ataingia shangazi yake peke yake." Basi si mama. Nilijisikia nimeponea chupuchupu, na papo hapo nikajisikia vibaya sana, bila kujua sababu.

Shangazi alikuwa mtu mkubwa, na nafasi ilikuwa nyembamba. Alikuja ubavuubavu, akivuta pumzi, akisema, "Twilumba, mwanangu, usinikimbie, mimi ni shangazi yako." Kitambaa chake kilinasa kwenye uzi wa gunia kikamtoka kichwani. Hakukiokota. Alijishusha chini mbele yangu, magoti yakagusana na yangu, kwa maana hapakuwa na pa kuyaweka. Mwanga ulikuwa mdogo lakini ulitosha. Nywele zake zilikuwa fupi. Nilinyoosha mkono nikazibana kwa ncha za vidole, kama nilivyozibana zangu asubuhi ile. Zilikuwa sawa na zangu. Na zangu zilikuwa sawa na za baba.

"Shangazi," nikasema, "na wewe Kampuni ilikunyoa?"

"Hapana, mwanangu."

"Nani basi?"

"Tulinyoana nyumbani. Mimi, na baba yako, na ukoo wote. Na wewe baba yako alikuja kukunyoa huku, usibaki nje ya wenzako."

Nikauona msiba wa babu kichwani mwangu, na watu uani, na foleni ya watoto. Sikuuliza ni nani. Nilimuuliza kikapu kimekujaje bila mwenyewe, na shangazi akaanza kuniambia, polepole, kwa Kibena, kwamba mama alijifungua mvua zikiwa kali, kwamba mtoto hakukaa, na mama naye hakukaa, kwamba miti walikuwa wamemaliza kuibambua. Alitaka kunikumbatia lakini magunia yalimbana mikono. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamweleza, kwa kuwa ilibidi mtu mmoja ajue.

"Mimi ndiye niliyemwomba Mungu asije," nikasema. "Lakini nilisema mpaka nywele ziote tu, shangazi. Sikusema asije kabisa."